Vyuma na lishe kwa wanawake wa Mtwara na Lindi: dalili, chanzo na cha kufanya

Malalamiko ya wanawake wanaoanza kunyanyua vyuma huku kusini yanafanana sana: mizani imegoma, tumbo halitoki, mapaja yanazidi kujaa, goti linauma, kichwa kinazunguka. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Tafuta ya kwako, anza na chanzo kilichotajwa kwanza kwa sababu ndicho kinachowapata wengi, kisha shuka. Usirukie cha mwisho. Wengi wanaokimbilia kupima tezi na homoni hawajawahi kupima mafuta wanayomimina sufuriani.

Vifaa vya uchunguzi ni vichache: tepu ya fundi cherehani, daftari, kikombe kinachojulikana ujazo wake (ml 250 kinatosha) na simu ya kupiga picha. Kiuno kipimwe asubuhi kabla ya kula, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umeshusha pumzi bila kubana tumbo. Nyonga zipimwe mahali palipojaa zaidi. Paja na mkono pia. Rudia kila baada ya wiki 2, na picha zipigwe mahali palepale kwenye mwanga uleule. Mizani peke yake haitoshi, maana mwili kukazana ni mambo mawili kwa pamoja: misuli iongezeke na mafuta yaliyoifunika yapungue. Mizani inaweza kusimama palepale huku kiuno kikipungua sentimita 4.

"Miezi miwili ya mazoezi, mwili uko vilevile"

Chanzo cha kwanza, na kinavizidi vingine vyote kwa mbali: uzito haupandi. Mtu ameanza na dambeli za kilo 2, bado yuko na kilo 2. Mwanamke anayejitwika ndoo ya lita 20 kutoka bombani amebeba kilo 20 na ushei, na mwingine analima na jembe tangu alfajiri. Dambeli ya kilo 2 haiuambii mwili wake jambo lolote jipya. Misuli hubadilika inapodaiwa kuliko ilivyozoea.

Fungua daftari. Kama hakuna mahali palipoandikwa ulibeba kilo ngapi na marudio mangapi wiki tatu zilizopita, tatizo umelipata. Kanuni ya kupandisha ni rahisi: fanya seti 3 (mafungu matatu yenye mapumziko kati yake) za marudio 8 hadi 12. Marudio ya mwisho yawe magumu kiasi kwamba ungeweza kuongeza mengine 2 au 3 tu. Ukifikisha 12 katika seti zote 3, vipindi viwili vya mazoezi mfululizo, ongeza uzito: kilo 1 hadi 2 kwa mazoezi ya mikono, kilo 2 hadi 5 kwa ya miguu. Marudio yatashuka hadi 8, kisha unaanza kupanda tena.

Asiye na jimu karibu asikate tamaa. Dumu la lita 5 lenye maji ni kilo 5. Likijazwa mchanga mkavu linakaribia kilo 8. La lita 10 likiwa na mchanga linafika kilo 15 au 16. Dumu mbili za mchanga, mkeka na benchi imara vinatosha kwa miezi mingi: kuchuchumaa, kunyanyua kutoka chini, kuinua nyonga, kuvuta dumu kuelekea ubavuni, na pushapu (anza mikono ikiwa juu ya benchi). Siku 3 kwa wiki, zisifuatane. Kagua mpini wa dumu kabla ya kila zoezi. Plastiki iliyokaa juani hukatika ghafla.

Chanzo cha pili ni protini. Lenga gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Hapa ndipo chakula chetu kinapohitaji kuangaliwa kwa jicho kali, kwa sababu ugali wa muhogo karibu hauna protini kabisa. Gramu 100 za unga wa mahindi dona zina gramu 8 hivi. Za unga wa muhogo zina 1 au 2. Mihogo ya kuchemsha na ming'oko navyo ni wanga. Ni vyakula vizuri na vinashibisha, ila anayevila kama chakula kikuu lazima mboga ibebe mzigo wote wa protini. Vipande viwili vya samaki vilivyozama kwenye mchuzi havitoshi.

Siku moja ya mwanamke wa kilo 65 anayelenga gramu 104 inaweza kwenda hivi: mayai 2 asubuhi (gramu 12) na kikombe cha mbaazi zilizoiva (11). Mchana samaki gramu 150 baada ya kupikwa (34) na ugali wa dona wa gramu 100 za unga (8). Jioni kikombe cha choroko (14) na dagaa wakavu gramu 30 (17). Mtindi ml 250 wakati wowote (8). Jumla imefika 104. Dagaa mchele wanaoshushwa Kilwa na pweza wanaouzwa mwambao mzima huu ni protini ya daraja la juu. Hakuna sababu ya kununua kopo la unga wa protini kwa bei ya gunia kama hivi vinapatikana.

Neno kuhusu korosho, maana swali lake halikosi. Korosho gramu 30, yaani kiganja kimoja, ni gramu 5 za protini na kalori 165 hivi. Ukitaka gramu 25 za protini kwa korosho pekee utakula karibu gramu 140, sawa na kalori zaidi ya 750. Samaki wa gramu 110 anakupa protini ileile kwa kalori 150 tu, au chini kidogo. Korosho ihesabiwe kama mafuta mazuri, kiganja kimoja kwa siku.

Chanzo cha tatu ni usingizi chini ya saa 7. Na msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, wengi wanaokota na kubangua tangu asubuhi mpaka jioni. Katika miezi hiyo punguza mazoezi yawe siku 2 kwa wiki, acha uzito ulipo, usilazimishe kupanda.

"Nimeanza mazoezi, kilo zimeongezeka na nguo zinabana"

Wiki 2 hadi 4 za mwanzo, misuli iliyoshtuliwa hujaza maji na sukari ya akiba. Kilo 1 hadi 2 zinaweza kupanda bila gramu moja ya mafuta. Subiri wiki ya tano kabla ya kuhukumu. Siku chache kabla ya hedhi nazo huongeza maji, kwa hiyo linganisha wiki ya kwanza baada ya hedhi ya mwezi huu na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita.

Kama kiuno kwenye tepu kinapanda baada ya wiki 5, hapo unakula zaidi kuliko unavyodhani. Njaa ya mazoezi ni kweli, na mara nyingi huzimwa kwa chapati.

Hofu ya kuota misuli kama mwanamume haina msingi. Mwanamke ana sehemu ndogo tu ya homoni ya kiume aliyonayo mwanamume, na hata anayeanza akila vizuri na kubeba vizito ni nadra aongeze kilo 1 ya misuli kwa mwezi. Miili mikubwa unayoiona mitandaoni ni kazi ya miaka, na baadhi yake ni ya sindano za homoni. Usiache vyuma kwa sababu ya picha.

"Tumbo na nyama uzembe za mikono haziondoki"

Anza kuangalia kama unafanya mazoezi ya tumbo ukitarajia yayeyushe mafuta ya tumbo. Hayafanyi hivyo. Mwili hutoa mafuta unakotaka wenyewe, na kwa wanawake wengi tumbo la chini na mapaja ndiyo ya mwisho kutoa. Kukata tumbo (kulala chali na kuinua kiwiliwili) mara 200 kila usiku kutaimarisha misuli iliyo chini ya mafuta, basi.

Pili ni kalori zisizoonekana. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kula ni kalori 120. Kikombe cha tui zito kinapita 400. Chai tatu kwa siku zenye vijiko vidogo vinne vya sukari kila moja ni kalori 190. Asubuhi ya mbaazi za nazi na maandazi matatu ni tamu, lakini kwa mtu mfupi anayekaa dukani kutwa inaweza kufikia nusu ya mahitaji yake ya siku. Hakuna haja ya kuacha nazi. Tumia tui la pili, lile jepesi, kwa mboga za kila siku, na tui la kwanza liwe la wageni na sikukuu. Pima mafuta kwa kijiko, acha kumimina kutoka kwenye chupa. Sukari ishuke kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea.

Sahani igawe hivi: nusu mboga za majani (kisamvu, matembele, mchicha), robo protini, robo wanga. Robo ya wanga ni kiasi cha ngumi yako. Lenga kupungua robo hadi nusu kilo kwa wiki. Anayeshuka kilo 2 kila wiki baada ya wiki ya kwanza anapoteza misuli pia, na ngozi italegea badala ya kukaza.

Wakati wa Ramadhani kosa la kawaida ni futari ya vyakula vya kukaanga na tambi za sukari, kisha daku kurukwa. Weka protini kwenye milo yote miwili. Vyuma viwe baada ya futari nyepesi na tarawehe. Anayependa kabla ya kufuturu afanye dakika 30 za mwisho, uzito ukiwa nusu ya kawaida.

Tatu, kwa aliyezaa: huenda misuli ya katikati ya tumbo imeachana. Lala chali, piga magoti juu, weka vidole juu kidogo ya kitovu, inua kichwa. Pengo la upana wa vidole viwili au zaidi linamaanisha uache kukata tumbo na kuinua miguu yote miwili kwa pamoja, kwa sababu huweza kuzidisha pengo. Fanya kuvuta kitovu ndani wakati wa kutoa pumzi, sekunde 10, mara 10, kutwa mara mbili. Pengo likibaki baada ya miezi 3, au uvimbe ukijitokeza unapokohoa, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia au daktari. Inaweza kuwa ngiri. Aliyejifungua kwa kawaida asubiri wiki 6 na ruhusa ya kliniki kabla ya vyuma; aliyepasuliwa, wiki 8 hadi 12.

Mkanda wa kubana tumbo na kujifunga nailoni uanze kutokwa jasho vitoe kwenye orodha. Kinachotoka ni maji. Katika joto na unyevu wa pwani yetu, hasa Novemba hadi Machi, kujifunga nailoni ni hatari.

Kiuno kinachozidi sentimita 88 kikaambatana na kiu, kukojoa mara kwa mara au maumivu ya kichwa kisogoni: pima sukari na presha kabla ya kuendelea.

"Nafanya skwati kila siku, makalio hayajai, mapaja tu yanachoka"

Mara nyingi ni kina. Skwati fupi isiyofikisha paja usawa wa goti hufanyisha kazi mbele ya paja. Shuka mpaka nyonga ifike usawa wa goti au chini yake, visigino vikiwa sakafuni. Vikinyanyuka, weka kipande cha ubao cha sentimita 2 chini yake huku ukiendelea kulegeza vifundo vya miguu.

Kisha ongeza zoezi la kuinua nyonga, na hapa nafasi ya nyayo inaamua kila kitu. Egemeza mgongo kwenye benchi chini kidogo ya mabega, weka uzito juu ya mifupa ya nyonga ukitanguliza khanga iliyokunjwa. Inua. Ukiwa juu, tazama miundi: isimame wima. Nyayo zikiwa mbali, utausikia mzigo nyuma ya mapaja. Zikiwa karibu sana, utausikia mbele ya goti. Sogeza kidogo kidogo mpaka makalio ndiyo yachome. Kaa juu sekunde 2, kidevu kikiwa kimeinama, usipinde kiuno.

Sababu ya tatu ni ile "kila siku". Misuli hukua inapopumzika. Acha saa 48 kabla ya kurudia sehemu ileile. Subira inatakiwa: badiliko la kuonekana huchukua miezi 3 na kuendelea.

Usinunue vidonge vya "shepu" visivyo na lebo. Dexamethasone na cyproheptadine ni dawa za hospitali zinazotumiwa vibaya kunenepesha. Ya kwanza huvimbisha uso, hupandisha sukari na presha, na hula misuli ileile unayoitafuta. Aliyekwisha kuitumia kwa wiki kadhaa asiikate ghafla. Aende na vidonge vyenyewe kwa daktari apunguziwe taratibu.

"Kiuno kinauma, magoti yanauma"

Tofautisha kwanza. Misuli kuuma siku ya pili na ya tatu, pande zote mbili, kukiisha kabla ya siku ya tano, ni kawaida. Maumivu ya kuchoma kwenye kiungo, upande mmoja, wakati wa zoezi lenyewe, si ya kuvumilia.

Kiuno: mara nyingi mgongo umepinda unaponyanyua kutoka chini. Weka fimbo ya ufagio mgongoni iguse kisogo, mgongo wa juu na mfupa wa matako. Iname bila fimbo kuachana na sehemu yoyote kati ya hizo tatu. Ukiweza mara 10, chukua uzito. Chuma au dumu likae karibu na miundi wakati wote. Kama ulishinda shambani umeinama, ruka zoezi hili siku hiyo.

Magoti: angalia kama yanaingia ndani unapopanda. Punguza uzito kwa nusu na yaelekeze upande wa vidole vya miguu. Acha kurukaruka kwa wiki 2. Kuchuchumaa kwa kukalia benchi, kisha kusimama polepole, kunarudisha wengi bila dawa.

Simama na uende hospitali: goti limevimba au linajifunga, maumivu ya kiuno yanashuka hadi chini ya goti na ganzi, mguu umeisha nguvu, au umeshindwa kuzuia mkojo au haja kubwa ghafla ukihisi ganzi mapajani kwa ndani. Hili la mwisho ni dharura ya siku hiyohiyo.

"Kichwa kinazunguka, nachoka kuliko zamani"

Kula kidogo kupita kiasi ndiko kunakoongoza. Anayeishi kwa chai, embe na kachumbari hawezi kubeba vyuma. Kula wanga kidogo saa 1 au 2 kabla ya zoezi: ndizi moja, au kipande cha muhogo.

Maji na joto vinafuata. Fanya mazoezi kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, hujanywa vya kutosha. Mtu aliyechanganyikiwa, ngozi ikiwaka moto, anahitaji kumwagiwa maji, kupepewa na kupelekwa hospitali, bila kungoja apoe mwenyewe.

Halafu damu. Upungufu wa damu ni wa kawaida mno kwa wanawake, na huku kwetu hedhi nzito, malaria, minyoo na kichocho hukutana katika mwili mmoja. Dalili: kuhema kwenye ngazi chache, moyo kwenda mbio, viganja vyeupe, hamu ya kula udongo. Nenda kituo cha afya upime wingi wa damu na malaria; kwa asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita moja ya damu ni upungufu. Chini ya 8 acha vyuma mpaka utibiwe. Chakula cha kusaidia ni maini, samaki, dagaa, na majani yanayoliwa pamoja na limau au chungwa. Chai ikae saa 1 mbali na mlo, kwa kuwa huzuia madini chuma kuingia mwilini.

Homa inapokuwepo, hakuna mazoezi. Kapime.

"Hedhi imepotea"

Pima mimba kwanza, hata kama una uhakika. Pili, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu hukata hedhi kwa wengi, na kwa baadhi huongeza uzito. Zungumza na muuguzi kuhusu njia nyingine kama inakusumbua. Kama si hizo, unakula kidogo kuliko unavyotumia: ongeza kalori 300 kwa siku, punguza siku moja ya mazoezi. Miezi 3 bila hedhi ni ya daktari, kwa sababu mifupa huanza kudhoofika kimyakimya.

"Mkojo unaponyoka nikiruka au nikibeba kizito"

Wengi hulificha hili, wakaacha mazoezi kwa aibu. Linatibika. Bana kama unayezuia mkojo na upepo, sekunde 5 hadi 10, mara 10, kutwa mara 3, kwa miezi 3. Toa pumzi unaponyanyua, usiizuie. Ondoa kuruka kwa muda huo. Kitu kikijitokeza ukeni au uzito ukisikika chini, nenda kliniki.

Dalili za kusimamisha kila kitu

Mkojo wa rangi ya kola siku 1 hadi 3 baada ya zoezi zito, misuli ikiwa imevimba na kuuma isivyo kawaida: misuli imevunjika na inaziba figo. Hospitali siku hiyohiyo, Ligula kwa walio Mtwara mjini, Sokoine kwa walio Lindi, au iliyo karibu nawe. Usimeze diclofenac wala ibuprofen, zinaongeza mzigo kwenye figo.

Mguu mmoja umevimba, una joto na unauma kwenye shavu la mguu: inaweza kuwa damu iliyoganda. Usikande. Kama uvimbe ni wa taratibu wa miezi, ulizia matende, ambayo ukanda huu wa pwani unayajua.

Miguu yote miwili imekakamaa ghafla, unatembea kwa ncha za vidole, na chakula chenu kwa wiki kadhaa kimekuwa muhogo mchungu na mboga haba: hilo halitokani na skwati. Inaweza kuwa konzo, iliyowahi kuonekana vijijini Mtwara miaka ya mwanzo ya 2000. Huletwa na sumu ya sianidi kwenye muhogo usioandaliwa vizuri kwa mtu aliyekosa protini, na ulemavu wake haurudi nyuma. Acha unga huo, muone daktari, wapimwe wote waliokula. Unga wa makopa ya muhogo mchungu unaweza kupunguzwa sumu hivi: ulowanishe kwa maji mpaka uwe kama tope zito, utandaze kwa unene usiozidi sentimita 1, uuache saa 2 juani au saa 5 kivulini sumu itoke kama hewa, kisha upike ugali siku hiyohiyo.